Jana Sikuzima

Pikipiki ya mume wangu haina ugonjwa. Ingekuwa na ugonjwa tungeutibu, tukapumzika. Hii ina tabia. Siku huna haraka inawaka kabla hata hujakaa sawa kwenye kiti. Siku una shida zako inakutazama tu. Unabonyeza stata, inatoa tk. Unabonyeza tena, tk-tk-tk, basi. Na usiniambie nipige kiki. Kiki yake ililika meno zamani, ukiikanyaga mguu unashuka bure mpaka chini. Kila mtu aliyewahi kutukuta tumekwama barabarani ameniambia nipige kiki, na kila mmoja nimemjibu vibaya.

Mume wangu mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu ya wanetu, naye ananiita Mama Pacha. Mtaani wanamwita Tone. Jina hilo alipewa na mhudumu wa kituo cha mafuta, na alipewa kwa haki. Mhudumu akishamaliza kujaza, Baba Pacha humwomba asitoe mkono kwanza, kisha anashika ule mpira wa pampu, anauinua juu ya kichwa chake, mafuta yaliyobaki ndani ya mpira yateremke kwenye tangi lake. Wenye magari nyuma wanapiga honi. Yeye anasubiri tone la mwisho. Mimi nakuwa nimesimama pembeni, helmeti kichwani, kioo nimekishusha nisijulikane.

Sijawahi kuona mtu anayebana mafuta namna ile. Anapima upepo wa matairi mara nyingi kuliko anavyopima homa ya watoto. Mnyororo anaupaka oili kila Jumapili. Kichujio cha hewa anakitoa, anakipuliza, anakirudisha. Akipanda mlima havuti mafuta kwa pupa, akishuka anaweka frii tunateremka kimya kama wezi. Siku moja alitoa mwavuli kwenye mkoba wangu akauacha nyumbani, eti uzito unakula petroli. Siku hiyo ilinyesha, na nadhani majirani wote walisikia nilichomwambia niliporudi. Yeye peke yake ndiye aliyeonekana hakusikia, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, ndiyo." Nikajua nimeolewa na mkono wa birika.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichokuwa kinanikata maini ni kuzima.

Kila tuliposimama, alizima. Njia panda, anazima. Watoto wa shule wanavuka, anazima. Lori linageuza mbele yetu, anazima. Kwenye kizuizi cha reli, ambako treni huja kwa kujivuta wakati kizuizi kimeshateremshwa zamani, ndiko hasa alikokuwa anaona raha ya kuzima. Akishazungusha swichi na injini ikanyamaza, anageuza shingo kidogo upande wangu na kusema, "Enhe."

Niliichukia hiyo enhe. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo, ya mtu aliyeridhika na nafsi yake. Enhe, hapa nimeokoa tone. Mimi nyuma huku nakuwa naongea tangu tumetoka getini, maana nisipoongea asubuhi nitaongea saa ngapi? Mume wangu anaendesha msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha mbao, zamu ya jioni. Nikirudi kazini yeye ameshatoka, akirudi yeye mimi nimeshalala. Mambo ya watoto, mambo ya mama yake, mambo ya kazini kwangu, yote namwambia mgongoni. Ananikatiza na enhe yake ya petroli, nasonya, kisha naendelea nilipoishia.

Kizuizi kinapoinuka, anabonyeza stata. Siku nyingine inawaka. Siku nyingine, tk.

Nieleze kwa nini tk hiyo ilikuwa inaniweka roho juu. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Usicheke. Mgonjwa hapasuliwi bila shuka safi, na mashuka ya chumba cha upasuaji, yaliyopita kwenye mvuke na kufungwa vifurushi, yanakaa kwenye stoo yenye ufunguo. Ufunguo huo ninao mimi, shingoni, kwenye kamba niliyosokota kwa bendeji. Nilianza pale kwa kusugua madoa ya damu kwenye beseni. Nikahamia mashine, nikahamia pasi, miaka ikapita, mikono ikababuka, ndipo nikavalishwa ufunguo. Alfajiri wauguzi wanakuja na toroli lao kwenye mlango wa stoo, na anayetakiwa kuwepo pale ni mimi.

Nilikuwa nimeshachelewa mara moja, na sababu ilikuwa pikipiki. Kisha nikachelewa tena, na sababu ikawa pikipiki ile ile.

Hiyo mara ya pili tulikuwa kwenye kizuizi cha reli. Treni imepita, kizuizi kimeinuka, nyuma yetu magari yanapiga honi kama tunaoa. Baba Pacha anabonyeza, tk-tk-tk.

"Betri hiyo," nikamwambia.

"Rilei," akasema yeye. "Imekufa kabisa. Hailii kitu."

"Inalia! Inalia tk-tk-tk, husikii?"

"Ingelia ningesikia, Mama Pacha. Stata ikinyamaza hivi, ni rilei, haipitishi umeme."

Nilitamani kumvua helmeti nimpige nayo. Mtu anabishana na sauti inayotoka chini ya makalio yake! Tukashuka, tukasukuma, mimi na sare yangu nyeupe, viatu vyangu vya kazini kwenye matope. Ikawaka tukiwa tumeshatoka jasho. Nilipofika, toroli lilikuwa mlangoni, wauguzi wameegemea ukuta, na mgonjwa aliyelala na njaa tangu jana anasubiri shuka kwenye korido. Mtu mwenyewe alikuwa mzee wa rika la baba yangu. Hakulalamika. Aliniangalia tu, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Matroni aliniita pembeni. Si mwanamke wa kelele. "Ukichelewa mara nyingine," alisema, "ufunguo nitampa mwenzako. Sitakuita kukueleza, nitauchukua tu."

Mwenzangu ni dada mmoja wa kwenye pasi, tunamwita Mvuke kwa jinsi anavyotoka mle ndani mchana uso unang'aa. Hana ubaya nami. Lakini ufunguo anautaka, na haoni haya kusema. "Siku ukichoka na hiyo pikipiki yenu," huniambia, "shingo yangu ipo."

Jumapili Baba Pacha akaamua kuitengeneza mwenyewe. Akatandika gunia uani, akatoa kiti, akatoa tangi, nyaya zikatoka nje kama utumbo. Akabadilisha rilei. Tk. Akabadilisha fyuzi ambayo haikuwa imeungua. Tk. Akasafisha plagi, ambayo hata mimi dobi najua haihusiani na stata, ila eti plagi chafu inakunywa mafuta na mradi ameshaifikia. Akafungua stata yenyewe, akaisugua ndani kwa msasa, akairudisha, akaigonga na spana kidogo kwa mapenzi. Akabonyeza, akainamisha kichwa, akasubiri.

Tk-tk-tk, ikasema.

"Kimya," akasema yeye.

"Baba Pacha, inalia!"

"Nini?"

"Inalia!"

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akachukua tena ile rilei aliyoitoa mwanzo, akaanza kuipuliza.

Nikaingia ndani nisije nikasema neno la kujutia. Sebuleni televisheni ilikuwa inapiga kelele mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mama mkwe alikuwa amekaa mbali nayo, mtandio ameuzungushia masikioni.

"Mama, shikamoo. Naomba nipunguze kidogo."

"Marahaba. Punguza, mwanangu, utakuwa umeniokoa. Mtoto huyu akiiwasha anaiacha hivi hivi, mimi nitafanya nini?"

Nilidhani anawasema watoto. Watoto walikuwa nje tangu asubuhi, lakini sikuwa na nafasi kichwani ya kulipima hilo. Nilipunguza, nikakaa, nikasikia kutoka uani tk, na tk, na tk.

Jumatatu nikaomba ruhusa ya mchana. Nikamwambia ama tunakwenda kwa fundi, ama naiuza pikipiki hiyo chuma kwa chuma. Tukaisukuma.

Fundi ana banda la mabati pembeni ya barabara kuu, ardhi imekuwa nyeusi kwa oili. Hakufungua kitu. Alibonyeza stata, akainua uso.

"Tk-tk-tk," akasema. "Betri hii ina njaa. Bosi, ulikuwa unabadilisha rilei kwa nini na inalia namna hii?"

Baba Pacha alikuwa anamtazama fundi mdomoni. Ana tabia hiyo, ukiongea naye anakutazama mdomo, zamani nilidhani ni mahaba. "Ndiyo," akasema.

Fundi akaleta kile kipimo chake, akagusisha nyaya, akatikisa kichwa. Kisha akauliza mimi nafanya kazi wapi, na njiani tunasimama mara ngapi.

"Si kusimama," nikadakia, maana siku yangu ilikuwa imefika. "Muulize anazima mara ngapi. Kila tukisimama anazima! Anabana petroli."

Fundi akaweka spana chini.

"Bosi. Kila ukibonyeza stata unachota kwenye betri, na si kuchota kwa kijiko. Injini ikizunguka ndiyo inarudisha, kidogo kidogo. Sasa wewe unachota, unatembea mpaka njia panda, unazima, unachota tena. Itashiba lini?"

"Na mafuta?" Baba Pacha akauliza.

"Mafuta yapi? Hayo ya kusubiri lori ligeuze? Hayaloweshi hata kitambaa. Nakuwekea betri mpya. Ukitoka nyumbani usizime mpaka umfikishe mama kazini. Ukiendelea kuzima-zima, na hii itakufa, na mimi nitakuwa nacheka tu."

Mume wangu alinyong'onyea kama mtu aliyekatazwa chumvi. Alishika mpini wa pikipiki, akauachia, akaushika tena. "Hata pale kwenye reli?" akauliza. "Pale treni inachelewa sana."

"Hata pale," fundi akasema.

Nilimpa vidonge vyake mpaka tunafika nyumbani. Nilimwambia ubahili una mwisho. Nilimwambia wenzake wanabana mafuta wakajenge, yeye anabana mafuta ili mkewe asukume. Hakujibu. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri ajabu, na hakuzima hata mara moja.

Kesho yake matroni akaniita tena ofisini, nikashika ufunguo shingoni, kumbe ni heri. Kuna mtu wa jikoni amestaafu na nafasi yake kwenye gari la wafanyakazi imebaki wazi. Gari hupita barabara kuu, mbele ya kituo cha mafuta, linafika hospitali mapema kila siku. "Ichukue," alisema, "au usinitajie tena neno pikipiki." Nikaichukua kabla hajamaliza.

Asubuhi iliyofuata ikawa safari yetu ya mwisho, na nilitaka kumuaga mume wangu kiungwana. Yeye si mtu mbaya. Nikapanda, nikamshika kiunoni, nikamwambia yote kwa utaratibu. Kwamba nimepewa siti kwenye gari, kwamba kuanzia kesho asiamke, alale, zamu ya jioni inamchosha na macho yake yamekuwa mekundu siku hizi. Kwamba nilimkasirikia sana kuhusu ile betri lakini yamepita. Tulipofika kwenye reli kizuizi kilikuwa chini. Hakuzima, akaiacha inaunguruma, akatazama mbele. Nami hapo nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimepanga, kwamba nitaikosa hii safari yetu. Nililisema nikiwa nimeegemea mgongo wake. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikateremka mlangoni hospitali, wauguzi hata hawajafika na toroli. Nikamtazama nione atasema nini.

"Imewaka papo hapo leo, umeona?" akasema. "Haya, kazi njema."

Akageuza, akaondoka.

Niliumia, sifichi. Mtu unamwambia hutapanda naye tena, anakujibu habari za stata. Nilikunja mashuka siku hiyo kwa hasira mpaka Mvuke akaniuliza mashuka yamenikosea nini.

Asubuhi ya gari nikaamka, nikavaa, nikaweka ufunguo shingoni, nikachukua mkoba na mwavuli wangu wenye uzito, nikatoka. Baba Pacha alikuwa getini. Amevaa koti, pikipiki imewashwa, anafuta kioo cha helmeti yangu kwa pindo la shati.

"Wewe vipi?" nikamuuliza. "Si nilikuambia ulale?"

"Nini?"

"Nakwenda kwa miguu mpaka barabarani. Gari la hospitali. Si nilikuambia?"

"Gari gani? Uliniambia lini?"

"Jana!" Nilishapandisha. "Jana njia nzima nakuambia jambo hilo hilo, toka hapa getini mpaka hospitali, na ukatikisa kichwa!"

Akanitazama mdomo. Kisha akaitazama pikipiki, ile injini inayounguruma, akainama akaizima. Akashika helmeti yangu kwa mikono miwili.

"Jana sikuzima," akasema.

Nilikuwa na jibu tayari, lile la kawaida, la mafuta na ubahili. Kisha maneno yake yakanifikia. Jana hakuzima. Jumatatu fundi alimkataza kuzima akawa kama mtu aliyefiwa. Miaka yote hii ananizimia njia panda, anageuza shingo, ananiambia enhe. Na mimi, mzaliwa wa lugha hii, mtu ambaye nikiwa na jambo na shoga yangu akiniambia enhe nampa mpaka na la kesho, ile ya mume wangu niliisikia petroli tupu. Alikuwa ananiambia niendelee. Alikuwa anaomba nirudie.

Stata inalia, hailii. Televisheni. Ndiyo, ndiyo. Ule msumeno wa kiwandani, unaopasua magogo kila jioni karibu na kichwa chake.

Mtu mwingine angelia. Mimi hasira zilinipanda upya, na hizi zilikuwa kubwa kuliko zile za mwanzo. Mwanamume mzima, ana mke anayefanya kazi hospitali, hospitali yenye daktari wa masikio mlango wa nne kutoka kwa dobi, na anajitengenezea ujanja wa kuzima pikipiki!

"Lete hiyo helmeti," nikasema. Sikuwa na hakika kama amesikia, nikaichukua mwenyewe.

Tukapita kituo cha mafuta, gari la hospitali halijafika bado. Sikumwambia asimame. Kwenye reli kizuizi kilikuwa kimeshuka, treni haijaonekana. Yeye, kwa kumtii fundi, akaiacha injini.

"Zima," nikasema.

Hakugeuka.

"Baba Pacha, zima!"

Wapi. Nikapitisha mkono ubavuni mwake, nikaishika swichi, nikazima mimi. Kukatulia. Akageuza shingo kwa mazoea, hata kabla hajashangaa.

"Enhe," akasema.

"Tangu lini husikii?"

"Nani hasikii?"

"Wewe."

"Mimi nasikia. Ni hizi helmeti za siku hizi, zinabana." Na haraka haraka akazungusha swichi, akabonyeza stata. Na ile pikipiki, ambayo imeniaibisha mbele ya malori, mbele ya watoto wa shule, mbele ya mgonjwa mwenye njaa, ikawaka papo hapo bila hata kukohoa. Nilitamani kuipiga teke.

Nikazima tena. Nikashuka, nikazunguka mbele, nikasimama anione uso.

"Enhe," nikamwambia mimi. Nikanyamaza.

Mimi kunyamaza si jambo analolijua. Alitazama reli, akatazama kipimo cha mafuta, akavua helmeti. Akaanza kusema. Nilisikia "ule msumeno mpya," nikasikia "sikio la kushoto kwanza," na hapo hapo treni ikaingia. Mabehewa ya mizigo, marefu, chuma kwa chuma. Mdomo wake ulikuwa unaendelea. Alikuwa anatazama pembeni na kusema, na kusema, pengine yale aliyoyakalia miaka, na sikupata hata neno moja. Nikajikuta namkazia macho midomo, nitafute neno kwa umbo lake. Ni kazi ngumu. Inauma shingo.

Treni ikaisha, kizuizi kikainuka, honi zikaanza nyuma. Gari la hospitali lilikuwa la tatu katika foleni, likatoka pembeni likaja mpaka usawa wetu. Mvuke akatoa kichwa dirishani.

"Mama Pacha! Imegoma tena? Panda, dada, panda, toroli litatutangulia!"

Baba Pacha akaelewa hilo hata bila kusikia. "Nenda," akasema. "Nenda nalo, utanyang'anywa ufunguo."

Na ni kweli ningenyang'anywa. Matroni si mtu wa kutishia. Nikashika ile kamba ya bendeji, nikaivua kupitia kichwani, ikanasa kwenye nywele, nikaivuta. Nikampa Mvuke ufunguo dirishani.

"Kawafungulie. Vifurushi vya chumba cha upasuaji viko rafu ya juu. Usiwape vya chini, havijapita kwenye mvuke."

Aliutazama kwenye kiganja chake kama umemwunguza. Ameutaka miaka, na sasa hakujua auweke wapi. "Na matroni nimwambie nini? Nimwambie pikipiki?"

"Pikipiki imewaka vizuri tu," nikasema. "Mwambie hivyo."

Gari likaondoka. Shingo yangu ilikuwa nyepesi, na sikuupenda wepesi ule. Tukaisogeza pikipiki kando ya barabara, yeye usukani, mimi nyuma, tumezoea. Malori yakapita, magari yakapita, vumbi likatua. Nikakaa kwenye jiwe la alama ya reli nikamvuta mkono naye akakaa, upande wangu, sikio la kulia.

"Treni imemeza yote," nikamwambia, polepole, uso wangu mbele ya uso wake. "Sikusikia hata moja. Anza upya."

"Nini?" akasema.

Nikavuta pumzi, nikarudia.